Vipimo Vyote Safi

Msusi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, anakunywa maji kwa mafunda madogo madogo, mlango wa saluni ulipofunguliwa akaingia mama mzazi wa mpenzi wake, Vioo.

Aliinuka haraka mno. Alijua kosa lake kabla hajanyooka sawasawa. Ukuta ulisogea, taa zikafifia, na ikambidi ashike mgongo wa kiti mpaka kila kitu kirudi mahali pake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshika kiti, au kiti ndicho kimekushika wewe?"

Watu wote walimwita Mwalimu, ingawa alikuwa amestaafu. Sauti yake bado ilikuwa ile ya darasani, haipandi wala haishuki, na mtu alijikuta ananyoosha mgongo bila kuambiwa. Alivua kitambaa kichwani, akakikunja mara mbili, akakiweka ndani ya mkoba.

"Nimekuja kusukwa," alisema.

Shangazi, mwenye saluni, alichungulia kutoka chumba cha nyuma alikokuwa anafua taulo. Alimtazama Mwalimu, akamtazama Msusi, akaelewa yaliyopo na yajayo.

"Karibu sana, Mwalimu. Mimi niko huku nyuma. Maji yanapiga kelele, sisikii chochote."

Akafunga mlango, na mara ile ile sauti ya maji ikakoma.

Msusi alimfunga mgeni wake shuka shingoni. Nywele za Mwalimu zilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia, mvi zimeanzia mbele zikaelekea utosini. Zilikuwa zimegawanywa katikati na kubanwa kwa vibanio viwili, kama anavyojibana mtu asiye na muda wa kujitazama. Alitoa vibanio, akachukua kitana chenye mkia, akaanza kugawa njia. Wote wawili walitazama mbele, na kioo kikawakutanisha macho.

Kioo hicho kilikuwa kazi ya Vioo. Vyote vya ukuta ule alivifunga yeye, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyompa jina lake mtaani na kumkutanisha na Msusi.

Wakati huo hali yake Msusi ilikuwa imeshaanza. Ilimkuta kwa mara ya kwanza kazini, anamsuka bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa anasimulia habari za viatu. Moyo ulianza kwenda mbio bila sababu, kifuani mpaka kooni, masikio yakajaa mvumo, na magoti yakalegea. Alijikuta sakafuni na bibi harusi anampepea kwa gazeti. Baada ya hapo ikawa inakuja na kuondoka inavyotaka. Ilimjia kwenye foleni, ngazini, bafuni maji yakiwa ya moto sana, na siku nyingine akiwa amekaa tu anakula mkate.

Hospitali walimpima damu. Walimpima umeme wa moyo, wakaupiga moyo picha, wakamfunga kifaa cha kurekodi mapigo akaenda nacho nyumbani akalala nacho. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi.

"Vipimo vyote safi," alimwambia. "Moyo wako hauna kasoro tunayoiona."

"Msiyoiona, au isiyokuwepo?"

Daktari alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo Msusi alimheshimu.

"Tusiyoiona," alisema. "Kunywa maji mengi, inuka taratibu, usisimame muda mrefu. Ukiona inazidi, rudi siku hiyo hiyo. Tutaendelea kutafuta."

Yeye alikuwa msusi. Kusimama muda mrefu ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Watu wengine hawakuwa na shaka kama daktari. Jirani alisema ni upungufu wa damu. Mteja mmoja alisema ni mawazo, mwingine akasema ni wivu wa watu, na Shangazi alisema ni kukataa uji. Msusi aliwasikiliza wote, akajifunza kuishi. Viatu alivaa akiwa amekaa. Akiingia chumba chochote, kabla hajatafuta pa kukaa, alitafuta kwanza pa kuangukia.

Siku Vioo alipokuja kutoboa ukuta, hali ilimkamata Msusi katikati ya kazi. Alifanya kama alivyozoea, akalala chini kwenye mkeka, miguu juu ya kiti, akafumba macho. Alisikia mashine ya kutobolea ukuta ikinyamaza.

"Kelele zinakusumbua?" sauti ya kiume iliuliza.

"Hapana. Endelea tu."

Akaendelea. Hakumrukia, hakuita watu, hakumwagia maji. Alitoboa ukuta mpaka akamaliza, na Msusi alipofumbua macho alimkuta ameshika kioo kikubwa kifuani, anamtazama kwa pembeni yake.

"Sasa nikiweke hapa," alisema, "au kidogo chini, ili uweze kujiona ukiwa hapo ulipo?"

Msusi alicheka mpaka moyo ukataka kuanza upya. Mambo yao yalianzia hapo.

"Unavuta," Mwalimu alisema kwenye kioo.

"Samahani, Mama."

"Vuta. Nimesema tu unavuta. Usiache."

Msusi aliendelea. Mstari wa kwanza ulishuka toka kwenye paji kuelekea kisogoni, mwembamba na ulionyooka.

"Siku ile nyumbani kwangu," Mwalimu alisema, "nilikosea jambo moja. Sikukuuliza kama uliumia."

Siku hiyo Msusi alikuwa akijaribu kuisahau. Vioo alimpeleka kwao kumtambulisha. Msusi alisimama muda mrefu kusalimia, akaketi, akasimama tena kusaidia kupeleka sinia la chai, na hakufika nalo. Alipozinduka, dada mkubwa wa Vioo alikuwa anamnong'oneza mtu, "Ni ya miezi mingapi?" Na Vioo, aliyepiga magoti kando yake, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hana mimba! Ana moyo!" Vikombe vilivunjika vyote. Ikabidi Msusi aeleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Mwalimu ulivyozidi kujifunga. Kesho yake Vioo, asiyejua kusema uongo, alimwambia Msusi kila kitu: mama amekataa, hataki hata kulizungumza.

Tangu hapo Msusi hakupokea simu zake.

"Sikuumia," alijibu. "Vikombe ndivyo vilivyoumia."

Mdomo wa Mwalimu ulitikisika kidogo upande mmoja, ukatulia.

"Vioo amekuambia habari za baba yake?"

"Aliniambia alifariki ghafla."

"Haikuwa ghafla. Ghafla ilikuwa kwa majirani." Mwalimu alitazama mikono yake chini ya shuka. "Alikuwa na moyo mbovu, na tulijua. Nimelala na mtu yule miaka mingi namsikiliza kama anapumua. Nikisikia amegeuka, nalala. Nisiposikia kitu, naamka nimguse. Halafu akaja akaanguka mchana kweupe, uani, anafunga kamba za viatu. Vioo alikuwa bado mwanafunzi. Ndiye aliyembeba mpaka barabarani kutafuta gari. Alimbeba peke yake, na hakukubali mtu amsaidie."

Kitana kilikuwa kimesimama hewani. Msusi alikishusha, akachota mafuta kidogo kwa ncha ya kidole.

"Hakuniambia hilo," alisema.

"Hasemi. Basi mimi nimekuja kukuomba, na sikuombi kwa hasira. Wewe ni mtoto mzuri, mikono yako ni mizuri, naiona. Mwache mwanangu."

"Nimeshamwacha, Mama."

"Hujamwacha. Hupokei simu. Hivyo ni vitu viwili tofauti." Sauti ya darasani ilirudi. "Yeye hajui kama ameachwa. Kila simu ikilia anaruka. Kwenye karakana anapima kioo mara mbili na anakikata vibaya, na chakula anakizungusha tu kwenye sahani. Ukimwacha, mwache kwa mdomo wako, akuangalie, alie, amalize. Nitakaa naye mimi. Nimewahi kukaa na zaidi ya hayo."

Msusi aliona kwenye kioo kwamba midomo yake mwenyewe imepauka. Alidhani ni maneno. Aliendelea kusuka.

"Nitamwambia," alisema.

"Unaniahidi?"

"Naahidi."

Nusu ya kichwa ilikuwa imekamilika moyo ulipoanza kukimbia. Ulianza kwa mdundo mmoja mzito uliokosa mahali pake, kisha mbio. Mvumo ukaja masikioni. Aliufahamu mwendo wote, na alijua amebakiwa na muda mfupi tu wa kuchagua.

"Mama," alisema taratibu, "nitalala chini kidogo. Usiite mtu."

Aliteleza akashika mguu wa kiti, akajilaza mkekani, akainua miguu na kuiweka juu ya kiti cha pembeni. Dari ilikuwa inazunguka polepole. Alipumua kupitia pua, kama alivyofundishwa.

Mwalimu alisimama na shuka lake shingoni, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama. Mwanamke aliyenyamazisha madarasa alifungua mdomo na hakutoa sauti.

"Mama, kaa chini," Msusi alisema akiwa sakafuni. "Utaanguka wewe, na mkeka ni mmoja."

Mwalimu aliketi. Hakwenda kwenye kiti, alikaa pale pale mkekani, magoti yakilia. Alimtazama binti kifuani, blauzi inavyopanda na kushuka haraka haraka, kisha akageuza uso.

"Nipe mkono," Msusi alisema.

"Sitaki kuusikia."

"Najua. Nipe hivyo hivyo."

Aliuchukua yeye mwenyewe, akauweka juu ya kifua chake, akaufunika na wa kwake. Mwalimu alifumba macho. Chini ya kiganja moyo ulikuwa unapiga hovyo na kwa haraka, kiasi kwamba alitaka kuutoa mkono. Hakuutoa. Wakakaa hivyo. Mtu alipita nje akipiga mluzi. Kwenye chumba cha nyuma Shangazi alikuwa ananong'ona, kama anaongea na taulo.

Taratibu moyo ulianza kupunguza. Ukakimbia, ukasita, ukakimbia kidogo tena, kisha ukaanza kuachia nafasi kati ya pigo na pigo. Mwalimu alifumbua macho.

"Umerudi," alisema.

"Umerudi."

"Kumbe moyo hurudi."

"Mpaka leo hurudi, Mama."

Mwalimu alitoa mkono wake akautazama, mbele na nyuma. Alikuwa mtu mwingine kidogo, au amechoka tu. Msusi hakuweza kutofautisha.

"Unaogopa?" Mwalimu aliuliza.

"Mwanzoni niliogopa sana. Siku hizi naogopa hali ikija, halafu nasubiri. Ikiisha nauliza nilikuwa nafanya nini." Alijiinua kwa kiwiko, akasubiri, akaketi, akasubiri tena. "Nilikuwa nakusuka. Ila kusimama sasa hivi siwezi, na siwezi kukuachia utoke hivyo. Shangazi atanifukuza kazi."

Mwalimu aligeuka akajitazama kwenye kioo kutokea chini. Kisha, bila kuambiwa, alijivuta kwa makalio mpaka mbele ya binti, akamgeuzia mgongo, akakaa katikati ya magoti yake kama mtoto wa shule ya msingi anayesukwa Jumapili.

"Haya," alisema. "Vuta."

Walikuwa katika hali hiyo mlango uliposukumwa na Vioo akaingia anahema. Alikuwa na glavu ya kazi mkono mmoja, vumbi la kioo mabegani, na uso wa mtu aliyekwishaona mabaya yote njiani.

"Nani kaanguka?"

"Hakuna aliyeanguka," mama yake alijibu. "Watu wamekaa. Nani kakuita?"

Vioo alitazama mlango wa chumba cha nyuma. Mlango ule ulikuwa umefungwa vizuri, na nyuma yake maji yakaanza kumwagika kwa nguvu.

"Basi usisimame hapo unatuzibia hewa," Mwalimu alisema. "Funga mlango, ukae."

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Alimtazama Msusi, na Msusi akatazama nywele alizoshika. Vioo alikuwa amekonda mashavuni. Hakuwa amenyoa.

"Kuna jambo alitaka kukuambia," Mwalimu alisema, macho mbele. "Aliniahidi. Mwambie, binti."

Vidole vya Msusi viliendelea kusuka. Ilikuwa rahisi zaidi kusema wakati mikono ina kazi.

"Nilitaka kukuacha."

Vioo hakushtuka. "Hilo nimeligundua. Nilikuwa nasubiri sababu."

"Kwa sababu ulimbeba baba yako."

Pale alishtuka. Alitazama kisogo cha mama yake, lakini kisogo hakikugeuka.

"Sitaki uishi unanisubiri nianguke," Msusi alisema. "Sitaki uwe unaamka kuniangalia kama napumua. Uliwahi kumbeba mtu. Yatosha."

Vioo alivua glavu. Alichukua muda mrefu kuivua, kidole kimoja kimoja.

"Na ukiniacha, ukianguka, atakubeba nani? Shangazi? Ndoo ya maji tu anaibeba kwa kuomba dua."

"Nimesikia hiyo!" sauti ilisema nyuma ya mlango.

Hakuna aliyecheka, ila hewa ilipungua uzito.

"Siku ya baba," Vioo alisema, "sikuwa nyumbani alipoanguka. Nilikuwa njiani natoka shule. Nilikuta watu wamemzunguka, na mtu nisiyemjua ndiye aliyeniambia. Watu wote wanadhani kilichoniumiza ni kumbeba. Kumbeba hakukuniuma. Ilikuwa kazi yangu, na niliifanya. Kilichoniuma ni kuambiwa na mtu baki." Alijifuta uso kwa mkono uliojaa vumbi, akauchafua. "Usipopokea simu, unajua mimi nafikiria nini? Nafikiria nitaambiwa na mtu baki tena."

Mabega ya Mwalimu yalipanda na kushuka mara moja. Msusi aliyasikia magotini pake. Mama yule alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo, na hilo lilionekana bila kuhitaji kumtazama usoni.

"Pengine sitapona," Msusi alisema.

"Pengine utapona."

"Daktari hajui."

"Wewe hujui, mimi sijui, daktari hajui. Basi tutakuwa watatu."

"Wanne," Mwalimu alisema.

Mikono ya Msusi ikasimama.

"Suka," Mwalimu alimwambia. "Kichwa changu hakijaisha."

Alisuka. Alimaliza mstari mzima kabla ya kusema tena, na safari hii alimtazama Vioo moja kwa moja.

"Nina masharti."

"Sema."

"Usinibebe nikiwa naweza kutembea. Nikilala chini, endelea na kazi yako, kama siku ile. Usimsimulie kila mtu. Na usinilinde usingizini."

"Hilo la usingizini hataliweza," Mwalimu alisema. "Namjua aliyemzaa. Lakini aahidi tu."

"Naahidi," Vioo alisema, na alivyosema haraka hivyo wote walijua kwamba mama yake amesema kweli.

Mstari wa mwisho ulifungwa nyuma ya sikio. Msusi alipaka mafuta kwenye njia, akafuta shingo kwa taulo, akamgusa begani kumwambia tayari. Vioo alimwinua mama yake kwa mkono mmoja. Mwalimu alisimama mbele ya kioo, akageuza kichwa kulia, akageuza kushoto. Alitoa kitambaa kwenye mkoba, akakifikiria, akakirudisha.

"Vizuri," alisema. Kwa mwalimu hiyo ni alama ya juu. Mlangoni aligeuka. "Zikilegea nitarudi. Na wewe siku ya kuja kwangu, usije ukabeba sinia. Kuna watu kule wenye mikono, wabebe wao."

Akaondoka na kichwa wazi, bila kuharakisha. Shangazi alitoka na beseni la taulo, akapita katikati yao bila kumtazama yeyote, akaenda kuanika nje. Zilikuwa taulo kavu.

Vioo alibaki. Alikuja akaketi mkekani, si karibu sana, kama mtu anayekaribia dirisha ambalo gundi yake haijakauka. Msusi aliegemea mguu wa kiti. Alikuwa amechoka, na mikono ilinukia mafuta ya nywele.

"Moyo ukoje?" Vioo aliuliza.

Alijisikiliza kabla ya kujibu.

"Umeanza tena kwenda mbio."

"Ni ile hali, au ni mimi?"

Msusi alilifikiria swali hilo kwa uzito, kama alivyolifikiria daktari lile lake. Kisha alimshika mkono, vumbi na yote, akamvuta karibu.

"Sijui," alisema. "Kaa hapa tuone."